Mwanangu Amekuja Kwangu kwa Viza

Jumapili, Mpanda. Mvua imepiga tangu alfajiri na bado inapiga. Bati la jikoni linavuja palepale linapovuja kila mwaka, na mimi nimeweka beseni palepale.

Nimepika ugali wa watu wawili. Mkono ulisahau. Nikakaa nauangalia, halafu nikauambia, "Na wewe unaniangalia nini?" Ndiko nilikofika. Nagombana na ugali.

Konso ameondoka Alhamisi. Ameniachia swali, na akitua tu kule kwao atapiga simu kudai jibu: nihamie kwake au nibaki hapa peke yangu.

Kwa asiyejua, maana naambiwa kuna watu wanasoma huku ambao hawajawahi hata kunisalimia: Konso ni Konsolata, mwanangu. Nilizaa watatu, Mungu akaniachia huyo mmoja. Alisomea unesi Dar es Salaam, akaenda Kanada kuongeza masomo, akapata kazi, akapata mume, akapata watoto. Ukurasa huu ni yeye aliyenifungulia. Alisema, "Mama, badala ya kunitumia sauti za kunifokea mpaka simu inajaa, andika." Basi naandika. Nimeishia darasa la tatu na naandika kwa kidole kimoja. Mkiona kosa, nyie mliosoma sana, lirekebisheni vichwani mwenu mkae kimya.

Alikuja mwezi uliopita. Sikuwa nimemwona kwa macho tangu tumzike baba yake. Nilifagia uwanja, nikapaka chumba chake chokaa, nikanunua samaki, migebuka mikubwa, nikamwambia jirani yangu Mama Siwema siku hiyo asiniletee maneno yake. Mtoto akashuka kwenye bajaji, amenenepa vizuri, ananukia. Nikalia. Sikatai, nililia.

Jioni akawa anatoa vitu kwenye mkoba, akaweka mezani hati yake ya kusafiria. Mimi hati yetu naijua, nimeshaishika. Ina mwanamume na mwanamke wameshika pembe za ndovu. Ile ilikuwa na simba na farasi mwenye pembe. Nikaifungua. Picha ni ya Konso. Kurasa za mbele zaidi kuna viza ya Tanzania, na siku ambazo ameruhusiwa kukaa.

"Hii ni nini?"

"Mama, nilitaka nikwambie nikifika."

"Umefika. Niambie."

Akaniambia. Alikula kiapo kule, akawa raia wao. Na sheria ya huku ni kwamba mtu mzima akichukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake, wa hapa umekwisha. Hakuna kushika huku na huku. Kwa hiyo pale uwanja wa ndege alipanga mstari wa wageni. Akaulizwa amekuja kufanya nini. Akasema nimekuja kwa mama. Ikaandikwa matembezi.

Matembezi!

Nyie mliozaliwa na uraia hamjui. Mnao kama mlivyo na pua. Mimi nilivuka mpaka nikiwa mgongoni kwa mama yangu, Burundi inawaka nyuma yetu. Nimekulia kwenye makazi ya wakimbizi hukuhuku Katavi, ambako hata kutoka kwenda kuuza mihogo unaomba kibali, unaandikiwa na siku ya kurudi. Nimeolewa na kibali, nimezaa na kibali. Ilipokuja ruhusa ya kuomba uraia, tukaomba. Ukaulizwa, ukasubiri, ukaambiwa subiri tena, ukaukana uraia wa kule ulikozaliwa, ndipo ukapewa huu. Siku niliyokabidhiwa cheti nilikivalisha nailoni kabla sijafika nyumbani. Mume wangu alinisomea kwa sauti, mimi najifanya napepeta mchele.

Konso naye alipewa cha kwake. Kipo kwenye sanduku langu, kimelala juu ya changu.

Halafu kuna shamba la Kabungu. Nilitaka liandikwe jina lake nikiwa bado nina nguvu. Nilipomuuliza mwenyekiti wa kijiji, kwa upole tu, akasema, "Bibi, kama siyo raia tena, ardhi hatuwezi kumwandikia. Ni mgeni." Mgeni! Konso huyohuyo aliyeng'oa visiki kwenye shamba lile mpaka viganja vikatoa damu.

Nikasema sawa. Wameshasema mgeni, basi na mimi nitamfanya mgeni.

Sisi tuliotoka Burundi, mgeni ana heshima zake. Anapita mlango wa mbele. Anakalishwa kiti chenye kitambaa. Hakanyagi jikoni, haoshi chombo, hashiki ufagio, hata akitaka. Mtoto wa nyumba anapita uani, anafunua sufuria bila kuuliza, anapigwa mwiko wa mkono, anaambiwa ulikuwa wapi muda wote huu, mjinga wewe. Hivyo ndivyo anavyojua amefika.

Nikamtoa Konso uani nikampeleka sebuleni. Soda kwenye sinia. Maji ya kunawa namletea mimi. Akinyanyuka, "Kaa, mgeni wangu, utachafuka." Mama Siwema, ambaye ni Mbende wa hapahapa na mdomo wake hauna mlango, akachungulia siku moja.

"Dada Rejina, umefungua hoteli?"

"Nimepata mtalii."

"Basi mpeleke mbugani Sitalike akaone viboko."

Tukacheka sisi wawili. Konso hakucheka. Aliangalia soda yake.

Sikumfokea hata mara moja. Ndiyo ilikuwa adhabu yenyewe, na yeye alijua. Mtoto yule nimemfokea tangu anatambaa. Nikinyamaza, anajua nimemfungia mlango.

Katikati ya ukimya huo ndiyo akanisomea masharti ya mimi kuhamia kwake. Alikaa kwenye kiti chake cha kitambaa, mimi nikakaa kwenye kigoda. Hati ya kusafiria iwe hai. Daktari wao anipime, na yuko Dar es Salaam. Vidole vyangu vipigwe alama, hukohuko Dar es Salaam. Polisi waandike kwamba mimi siyo mhalifu. Halafu nithibitishe kwamba mimi ni mama yake.

"Nithibitishe nini?"

"Majina, Mama. Wewe Minani, baba Ndayizeye, mimi Inamahoro. Wanauliza jina la ukoo liko wapi."

Nikamwambia awajibu kwamba kwetu hatugawani jina kama kanga za sare. Kila mtoto anapewa la kwake kufuatana na habari za siku hiyo. Mimi ni Minani kwa sababu nilizaliwa wa nane. Yeye ni Inamahoro kwa sababu alizaliwa mwaka tuliovuna vizuri na hakuna aliyetufukuza, tukaona amani. Akasema ameshawaeleza, na wameelewa, ila cheti chake cha kuzaliwa kiliandikwa akiwa mkubwa, kwa hiyo wanaweza kututaka mate. Wanapitisha kijiti mdomoni kwangu na mdomoni kwake, wanapima.

Nilimbeba huyu mtoto. Nilimzaa kwenye mvua, mkunga yuko upande wa pili wa mto. Leo wanataka mate yangu.

Nikamwambia, "Asante kwa kunieleza, mgeni wangu. Ongeza soda."

Alikonda. Na mimi nilimwona anakonda, nikaendelea.

Halafu mchana mmoja niko jikoni nachagua maharage, nikasikia mtu nyuma. Amepita uani. Amesimama kwenye kizingiti, hajaingia, amevua viatu kama mtoto.

"Mama, nifokee."

Nikaendelea na maharage.

"Nifokee, Mama, nakuomba. Usinikaribishe tena."

Akaanza kusema yeye mwenyewe. "Mimi nakumbuka kibali. Nakumbuka pale kwenye kizuizi ulivyokuwa unanibana mkono mpaka unauma, yule askari akikisoma. Kule nako nilikuwa na kibali cha kukaa. Kikikaribia kuisha silali. Naangalia watoto wamelala, nasema na hapa tutaambiwa tuondoke. Nimechoka kuomba, Mama. Nilitaka karatasi moja ambayo siiombi tena."

Mkono wangu ukasimama ndani ya maharage.

Maneno yale nayajua. Niliyasema mimi, karibu hivyohivyo, kwa mama yangu mzazi. Tulipoulizwa sisi wakimbizi, kila mtu kwa nafsi yake, nani anabaki nani anarudi, mimi nilisema nabaki. Mama akasema yeye anarudi Burundi akafie kwenye kilima alichozaliwa. Tulikosana vibaya. Alipanda gari la kurudi bila kugeuza shingo. Ulipita muda mrefu ndipo nikapata hati nikaenda kumwona. Mpakani nikagongewa muhuri wa mgeni, kwenye nchi niliyozaliwa. Njia nzima nimejiandaa kwa matusi yake, nimeyapanga na majibu.

Nafika, sijatua hata mzigo. Mama amekaa nyuma ya nyumba, wala hakunyanyuka. Akanisukumia beseni kwa mguu.

"Menya ndizi, jua linazama."

Basi. Hakusema lingine. Nikakaa chini nikamenya, na vidole vikawa vyeusi kwa utomvu, na nikajua bado nina kwetu.

Sasa mimi mwanangu nilikuwa nampa soda kwenye sinia.

Sikumweleza Konso hayo yote. Mimi siyo mtu wa kujieleza mbele ya watoto. Nilivuta beseni la ndizi lililokuwa pembeni, nikalisukuma kwa mguu mpaka kwenye kizingiti.

"Menya. Na hizo nywele ni za nani? Maana kichwa nilichokizaa mimi hakikuwa hivyo. Na nani kakufundisha kuvua viatu kwenye matope? Na siku unakula kiapo cha watu ulishindwa kunipigia hata dakika moja nikuombee? Shika kisu vizuri, utajikata, nesi mzima!"

Analia, anamenya, anacheka, makamasi yanamshuka. Nikamfokea mpaka ndizi zikaisha. Tulizipika na mawese na maharage, tukala jikoni kwenye sufuria. Mama Siwema alisikia kelele akaja mbio, akatukuta, akasema, "Eeh! Mtalii ameshahamia?" Nikamwambia achukue sahani anyamaze.

Siku zilizobaki zilikwenda upesi. Zile za kwanza nilizipoteza mwenyewe, na viza haiongezi siku kwa sababu mama alikuwa na kiburi. Hilo ndilo linaloniuma leo kuliko bati hili linalovuja.

Alhamisi stendi hakulia. Aliniambia tu, "Mama, nikianzisha maombi ya kukuhamisha, nataka iwe umekubali. Nikifika nitapiga, unijibu." Basi likaondoka. Nikarudi kwa miguu, nikaingia ndani, nyumba imenyamaza kama imekufa.

Leo kanisani watu wameniuliza mgeni wako keshaondoka? Nikasema sikuwa na mgeni, nilikuwa na mtoto. Wakaangaliana. Waangaliane.

Nimefikiri mchana kutwa. Ukweli niuseme, maana hapa hakuna anayeniona uso: naogopa. Nyumba hii imenizidi. Jioni nikifunga kuku, sina mtu wa kumwambia kwamba nimefunga kuku. Nikiugua, Mama Siwema atakuja, lakini na yeye magoti yake ni kama yangu. Na kule Kanada kuna wajukuu wangu wawili ambao hawajui neno langu hata moja. Nikiwafokea kwenye simu wanacheka, wanadhani bibi anaimba.

Lakini sihami. Mume wangu yuko hapa chini ya udongo, na wale watoto wangu wawili wako pembeni yake. Na nchi nimeshaomba mara moja. Niliomba vizuri, nikapewa, na siku ile nilijisemea mimi sitamwomba mtu tena anipe mahali pa kuwa wa kwao. Konso alikuwa na haki ya kuchoka. Na mimi nina haki ya kuchoka. Tumechokea sehemu tofauti, basi.

Kwa hiyo nitamjibu hivi. Asianzishe kuhama. Aniombee viza ya matembezi, kama aliyokuja nayo yeye. Nitapanda basi mpaka Dar es Salaam, vidole nitawapa vyote kumi, na wakitaka mate nitawapa, na wakiniuliza nakwenda kufanya nini nitasema nakwenda kwa mtoto, waandike watakavyo. Kiapo sili. Nitakaa mpaka siku zangu ziishe, nitarudi kulima.

Ila nina sharti na mimi, siyo wao tu wenye masharti. Nikifika asinikalishe kwenye kiti cha wageni. Kama kule hakuna ndizi za kupika, kuna viazi. Anipe beseni na kisu, aniwekee wajukuu mbele yangu, na wao wamenye. Nitawafokea kwa Kiswahili na Kirundi mpaka wajue siyo wimbo.

Mvua imepungua. Nimetoa komeo kwenye mlango wa uani, sijui kwa nini, hakuna anayekuja.

Simu hiyo inaita. Ni yeye. Ngoja nimfokee kwanza kwa kuchelewa kupiga, jibu atalipata baadaye.