Nani Anakunja Matembele ya Mama?

Butembo, siku ya posho, yaani Jumamosi. Ukungu umekataa kutoka mpaka karibu saa sita, na ndani ya kichwa changu ni vilevile.

Tangu mama akimbie vita kule Oicha na kuacha shamba lake la kakao, anaishi kwangu. Nyuma ya nyumba amepanda matembele, na kila asubuhi anaenda kuyaangalia kabla ya kunywa chai. Sasa majani yanajikunja. Ukifungua moja unakuta nyuzi nyeupe, na ndani kiwavi mwembamba wa kijani. Ukimgusa anarudi nyuma mbio na kujiangusha. Anakula akiwa humo humo, jani linabaki ngozi tu.

Jirani alituletea dawa ya kupulizia. Nilimuomba mama angoje kidogo, maana majani hayo ndiyo mboga yetu, na sikujua tunamuua nani. Nikaweka majani mawili yaliyokunjwa katika bokali mbili za kioo, nikazifunika vizuri.

Leo, katika bokali ya kwanza, kuna kipepeo mdogo wa rangi ya udongo, mabawa ameyalaza mgongoni kama paa. Sawa. Katika ya pili kuna nyigu mweusi, mdogo kuliko sisimizi.

Nyigu. Na viwavi wale walifanana kabisa.

Nimetafuta kwenye simu. Kwa Kifaransa kiwavi anayekunja majani wanamuita tordeuse, lakini picha ni nyingi, zote zinafanana na wangu na hakuna hata moja iliyo yeye. Nikamwandikia Kambale, niliyesoma naye, sasa ni agronome, mtaalamu wa kilimo, kule Beni. Alijibu kwamba jina hawezi kulitoa kwa picha. Ila nyigu, mama yake aliweka yai ndani ya kiwavi, na mtoto akamla kiwavi kutoka ndani. Basi huyo ni wa upande wetu, na dawa ingewaua wote.

Nilimueleza mama. Akaniambia nirudishe dawa kwa jirani.

"Ile shamba ya Oicha nilishaiacha, Masika. Hii hapana."

Akachuchumaa, akaanza kuminya majani yaliyokunjwa kwa vidole, moja baada ya lingine. Nami nikachuchumaa kando yake. Tuliminya mpaka vidole vikawa kijani.

Mama sasa anapika, ametulia. Mimi sijatulia. Jani likishakunjwa, huoni ndani kuna yupi.

Leo nimeua wangapi wa upande wetu?