Barua ya Kuombea Apu

Jumanne, Kimara

Na mhuri tumegongewa. Mie nilidhani Asha anatania aliposema barua ya kuomba apu ya gemu ipitie kwanza serikali ya mtaa.

Sie watatu, mie, Asha na Rama, tunatumia simu za mfumo ambao kampuni ya gemu haitaki hata kuusikia. Bila apu yao, ambayo simu zetu haziikubali, hupati namba ya kuingilia kwenye gemu, ndiyo maana tunawaomba watutengenezee yetu. Akaunti yangu ya miaka sita imefungwa tangu nibadilishe simu, na naogopa wataifuta.

Asha ni karani, kwa hiyo barua ilianza na "Yah: Maombi ya Apu", ikafuata "Husika na kichwa cha habari hapo juu." Rama akauliza mbona mjumbe hatajwi.

"Braza, mjumbe yuko ukurasa wa pili," Asha akamjibu.

Mtendaji wa mtaa aliisoma mara mbili. "Hii kampuni iko mtaa gani?"

"Iko ng'ambo, mzee."

"Basi mngekuja na barua ya mtendaji wao."

Lakini akagonga, akaandika chini kwamba anatutambua na sie ni wakazi wema. Nilijizuia kucheka, ila kusema kweli, kuona ule wino wa bluu moyo ulitulia. Angalau ofisi moja imekubali kuwa shida yetu ipo.

Tukaipiga picha, tukaituma kwa kampuni. Jibu limekuja jioni hii, adabu tupu: maombi yenu yamepokelewa, kuyafuatilia, fungueni apu yetu kwenye simu.

Asha ameshaanza barua ya rufaa. Nimemwambia aache nafasi ya mhuri.