Sahani za Baki Hazitakuja Usumbura

Nyumbani kwa Bimenyimana Phocas,
Karibu na gati, Gisenyi
Jumapili, 10 Machi 1957

Mpendwa kaka yangu Munyaneza,

Pokea salamu za huku nyumbani. Unaendeleaje na lile joto la Usumbura? Na wifi Mukashyaka, mguu wake umepona, anaweza kutembea hadi kanisani? Sisi tuko, Mungu anatushika. Mtoto Hitimana anaota meno, hataki kulala wala hataki mtu mwingine alale. Épiphanie amerefuka, anakuulizia. Phocas bado yuko kwenye mashua za mizigo za Bukavu. Anarudi amelowa, anakula, anasinzia kijiko kikiwa mkononi. Mimi nimechoka tu, si ugonjwa.

Mvua imewahi mwaka huu. Kule Mudende viazi vimeanza kuoza shambani, vinafika sokoni na matope yake.

Barua yako niliipata. Unaniomba nifunge zile sahani za santuri katika nguo, nimpe Kayitare azilete na lori lake kabla ya tarehe 21, siku ya kuzaliwa ya Baki. Unasema wanakwaya wako wanataka kumsikia, na kwamba huku kwangu sahani zimelala bure kwa kuwa sina mashine. Niliisoma nimesimama, halafu nikakaa.

Kaka, unajua vizuri kwa nini sina mashine.

Yule Madame mzee aliyefuliwa nguo na marehemu mama, alipofunga nyumba kurudi kwao Ulaya, gramafoni ile alitupa sisi wawili. Hakusema ya Munyaneza, hakusema ya Donatille. Alisema, « Ya watoto wa Mama Fuo, wasigombane. » Na alitufundisha namna ya kwenda nayo mwaka mzima, kwa siku za kuzaliwa za watunga muziki. Hendeli ni Februari, kabla ya mvua kubwa. Baki ni mwezi wa tatu, karibu kila mara ndani ya Kwaresima, kwa hiyo tulimsikiliza bila keki. Yule padri wa Venisi, Vivaldi, Madame alisema hakuna anayejua siku aliyozaliwa, basi tukampa mvua ya kwanza ya Septemba. Wewe ndiye uliyekuwa unakimbia kuweka sahani kabla matone hayajakolea kwenye mabati. Noeli tuliwapiga wote.

Na mama na siku yake ya kwanza kazini, nani hajacheka? Jioni amejifunga kitambaa, anaaga, Madame ananyoosha kidole kwenye gramafoni, anasema kwa furaha jina la mwenye muziki, Bach. Mama akasikia « Baki! » Akatua kikapu, akabaki, akakaa sakafuni mpaka sahani ikaisha. Kesho yake vilevile. Alidhani ni amri ya nyumba. Alipokuja kujua ni jina la mtu, alikuwa ameshapenda kubaki. Ndiyo maana kwetu sahani ikianza hakuna kusimama, hata maziwa yakifurika jikoni. Tunafanya Baki.

Mimi tangu niolewe sikuwa na mapumziko mengine. Phocas mwenyewe alijua, sahani ikizunguka mkewe haitwi. Uso mmoja wa sahani ni mfupi, lakini ulikuwa wangu.

Mwaka juzi ulipopata ukarani ulisema springi imelegea, unaipeleka Usumbura kwa fundi. Ukachukua na sahani mbili za kuijaribia. Halafu ukaniandikia kwamba ilidondoka kwenye lori katika zile kona za milimani, ikavunjika hata mfuniko haukubaki. Nililia, Munyaneza. Nikakuandikia nikikufariji wewe, nikisema pole, usijilaumu, barabara ni mbaya. Épiphanie aliiweka katika sala zake za jioni pamoja na bibi yake.

Mwaka mpya Kayitare alipita hapa, nikampa chai. Akaanza kusifu, maskini, bila kujua.

« We Dona, Noeli ya kwa kaka yako ilikuwa muzuri! Ile muziki ya violoni! Lakini iko mukali, bwana. Nilisimama kutafuta chumvi, akanifokea mbele ya wageni: Kaa chini, tunafanya Baki! »

Nikamuuliza kama mashine ile ina alama ya kuungua kwa pasi.

« Eh, iko nayo, kwa pembe ya mfuniko. Umeiona wapi? »

Nikamwongezea chai. Ile pasi ya moto ni mama aliyeiweka pale, nawe ulikuwepo. Wewe sikukuandikia. Nilijiambia, labda kaka ana aibu, labda atasema mwenyewe. Nimengoja. Kilichokuja ni barua ya kuomba sahani.

Kama ungesema, « Donatille, naitaka kwangu, » ningekasirika, ningekupa. Ulinifanya niomboleze kitu kilicho kizima, ukapokea na pole zangu. Hilo ndilo lililoniumiza, kwa hiyo usinitumie mashine mpya wala kitenge.

Sahani sitazileta. Nimezipeleka kwa Saidati, fundi wa kushona wa mtaa wa Waislamu, mwenye gramafoni aliyoachiwa na mumewe. Tulianza na Hendeli, siku yake. Nilimweleza sharti letu, akaondoa mguu kwenye cherehani, akasikiliza, akauliza, « Huyu mzungu wenu anashukuru au anaomba radhi? » Nikamwambia hata mimi sijui. Akasema, « Basi rudisha sindano, tumsikie tena. » Nilicheka mpaka mtoto akaamka. Pasaka yetu mwaka huu inaangukia ndani ya Ramadhani yao, na amesema nije tu, yeye atafunga na mimi nitasikiliza.

Baki ni Alhamisi, tarehe 21. Likizo unayo, lori lipo. Ukitaka kumsikia, njoo Gisenyi, ukae mkekani kwa Saidati kama sisi wengine. Lakini kabla hujakaa, utamwita Épiphanie, utamwambia kwa kinywa chako kwamba gramafoni haikufa. Mimi nimeshindwa. Sina maneno ya kumwambia mtoto kwamba mjomba wake alidanganya, na kila jioni naitikia amina kwenye sala yake.

Nisalimie wifi Mukashyaka, yeye sina neno naye. Nisalimie na jirani yenu Nyirasafari na watoto wake. Phocas anakusalimu; nimemweleza yote, ameguna tu. Mungu akulinde njiani na akulainishie ulimi.

Ni mimi dada yako, nakupenda, ila kwa sasa sikuamini,

Donatille Mukagasana