Msimbo wa Tarime, Msiba wa Ndhiwa

Mpendwa Kezia, nisaidie kabla Alhamisi haijafika, maana aibu niliyo nayo hainiachi hata nile. Nimeolewa hapa Ndhiwa, nina duka la vitambaa, na baba mkwe alipofariki familia ilinifanya mweka hazina wa mazishi kwa sababu nilisomea uhasibu, basi shemeji yangu Cliff aliyeko Norway akasema jeneza na fahali ni juu yake, akaniomba namba ya akaunti na msimbo wa SWIFT wa benki yangu, nami mbele ya kamati nikajibu, "Hiyo ni kazi yangu," na kusema kweli sikuwa naujua hata kidogo. Nilienda benki, nikakuta foleni imejaa watu wa kanisa letu, nikaona haya kuuliza mbele yao, nikageuka nikampigia Nyamhanga anayeniletea vitambaa kutoka Tarime, naye ana akaunti benki hiyo hiyo, jina moja, hadi rangi ya mlango ni moja, nikasema benki ni ile ile tu, akanitumia msimbo wake nami nikampa Cliff.

Pesa zilitoka Norway lakini hazikufika. Cliff akanitumia risiti, ndipo nikaona nchi iliyoandikwa pale ni Tanzania, nikanyamaza. Kamati ikaanza kunung'unika, mpaka mama mkwe akasema mbele ya wazee, "Huyo Cliff ni jamiriambo, muongo kabisa. Akikuja, asitupe udongo kwa kaburi ya baba yake!" Wakanigeukia, "Madam, kuna pesa imeingia?" Nikasema, "Bado," nikaendelea kumimina chai. Cliff anafika Alhamisi, mazishi ni Jumamosi, na mimi siwezi kumtazama mtu usoni. Nifanyeje?

Mwenye aibu, Ndhiwa.

KEZIA ANAJIBU:

Mama, pole kwa msiba. Kwa hilo lingine sina pole.

Tuanze na lililo rahisi. Msimbo huo una herufi na tarakimu nane, au kumi na moja. Nne za kwanza ni benki, mbili zinazofuata ni nchi: KE ni sisi, TZ ni jirani zetu. Mbili nyingine ni mahali yalipo makao ya benki, na tatu za mwisho, zikiwepo, ni tawi. Pesa za Cliff zilienda pale zilipoelekezwa, huko wakatafuta akaunti yako wasiione. Hazijaliwa na mtu, zimekwama tu. Mwambie Cliff aende kwa benki yake leo na namba ya kumbukumbu iliyo kwenye risiti, aombe zirudishwe. Itachukua muda na watakata ada, na ada hiyo uilipe wewe. Halafu rudi kwenye tawi lako uulize msimbo wao kwa sauti, watu wa kanisa wasikie wakitaka. Nusu yao pia hawaujui! Na Nyamhanga umwache, alikupa ulichoomba.

Lakini hukuniandikia kwa sababu ya benki, na wewe unajua. Kosa la msimbo lingempata yeyote. Lile la chai ni lako peke yako. Ulimwacha mama amfukuze mwanawe kwenye kaburi la babake, na risiti iko kwenye simu yako! Imenikasirisha, sikufichi.

Kwa hiyo leo, si kesho, keti na mama mkwe na wale wazee waliosikia. Toa risiti, useme, "Cliff alituma. Mimi ndiye niliyekosea, na nilijua nikanyamaza." Anza na maneno hayo, usianze na uhasibu wako. Watakufokea, na wewe wasikilize mpaka wamalize. Kisha mpigie Cliff, umpe mama simu, amwambie kwa mdomo wake mwenyewe kwamba udongo atautupa.

Alhamisi nenda ukampokee. Usipoyafanya haya, atashuka akiwa na begi lake na aibu yako. Begi atalibeba mwenyewe; aibu ni yako kuibeba.