Mihimili ya Boti ya Mwantum

Alhamisi, 12 Januari 1995
Mbwera. Mihimili yote minne ya boti imeoza. Kasema fundi Bwanaheri leo asubuhi, na wakati anasema bisibisi ilikuwa imezama kwenye mbao hadi mpini. Nimeona mwenyewe.

Boti ni ya dada Mwantum, binti wa baba mkubwa. Aliinunua kwenye mnada, mradi wa serikali wa uvuvi ulipofungwa. Nje ni faiba, bado nzima. Ndani, chini ya sakafu, mna mbao nne ndefu kutoka mbele hadi nyuma, zimefunikwa kwa faiba. Hizo ndizo zinazoizuia boti isijikunje ikipigwa na wimbi. Maji yaliingia kwenye matundu ya skrubu, yakakaa humo miaka. Ukigonga, mlio ni wa boga.

Bwanaheri kamwambia: bibie, umeuziwa ganda la yai. Mwantum kajibu kwamba amemwita ampe kiini, mithali anazo za kutosha.

Nilikuja kuandika habari za kampuni binafsi zinazonunua kamba wa baharini huku delta. Msimu umefungwa hadi Machi, wanunuzi hawapo. Basi nina nafasi ya kutazama boti.

Ijumaa, 13 Januari
Nimeuliza haraka ya kutengeneza boti ni ya nini. Ni Salwa, binti wa Mwantum. Ana mimba, siku zake ni katikati ya Ramadhani. Mwaka juzi uchungu ulimshika, wakampakia mtumbwini kwenda Nyamisati ili wakapate gari la Kibiti. Maji yakatoka mtoni, wakakwama kwenye tope hadi yaliporudi. Mtoto hakuishi.

Safari hii Mwantum anataka binti akae nyumbani kwao hadi dakika ya mwisho, na boti ya mashine iwe tayari. Nilimwambia nyumba yangu Kibiti ipo, aende mapema. Kasema mwanangu hakai ugenini mwezi mzima kama mgonjwa, na Ramadhani hii. Salwa alikuwa anachambua mchele.

Jumapili, 15 Januari
Mafundi sasa ni wawili. Azan kafika jana kutoka Dar es Salaam, alikofanya kazi ya boti za faiba. Bwanaheri ni fundi wa mbao tupu, majahazi na ngalawa. Swali lililopo ni moja: mihimili mipya iwe ya mti gani.

Bwanaheri anataka mkomafi. Unaota hapa hapa kwenye mikoko, maji ya chumvi ndiyo maziwa yake ya utotoni. Azan anasema mkomafi mbichi haushiki gundi ya faiba. Gundi inataka mbao kavu. Bwanaheri: kavu ipi, kijana, boti inakaa wapi, jangwani?

Azan hakubishana. Kachukua kipande cha mkomafi, kakiweka karibu na jiko, ncha moja kwenye makaa. Punde ncha ya pili ikaanza kutoa povu. Tulikaa tukilitazama lile povu, watu wazima watatu. Sikujua kama mti hutema maji hivyo. Na bado kibali cha kukata mikoko kingetakiwa, na afisa wa misitu yuko safarini.

Mkomafi umeondolewa.

Jumanne, 17 Januari
Plaiwudi. Siku hizi Kibiti kuna kila kitu, hata visivyojulikana vimetoka wapi. Zimeletwa sampuli mbili. Muuzaji kasema zote mbili ni za majini. Azan anasema muuzaji haulizwi, huulizwa sufuria. Unachemsha kipande kutwa nzima. Gundi mbaya huachia.

Hanifa, mdogo wake Salwa, kauliza: kama mnapika mbao, sisi tule nini? Kapewa jibu kwamba mchuzi wake utakuwa mzito. Hakucheka.

Baada ya alasiri kipande cha kwanza kilifunguka kama kitabu kilicholowa. Cha pili kilitoka kizima, nikajaribu kukipasua kwa kisu nikashindwa. Taabu ni kwamba ya namna hiyo ipo moja tu dukani. Itatosha mbao ya nyuma inayobeba mashine, nayo inabadilishwa. Kwa mihimili haitoshi.

Jumamosi, 21 Januari
Nilikuwa Kibiti na Azan. Abdulrazaq, muuza mbao wa barabarani, ana mvule. Ni boriti za ghala la ushirika lililobomolewa. Zilikaa chini ya bati tangu tukiwa vijana, nyeupe kwa vumbi, nzito, zimenyooka. Azan kapiga randa kidogo, kanusa, kapiga tena. Anasema mvule una mafuta yake ya asili kidogo, lakini ukipanguswa kwa petroli gundi inakubali. Faida yake hauozi upesi na hauna tena maji ya kutema.

Nilimuuliza kwa nini si mninga. Mninga nao mzuri, kasema, ila huyu hana wa urefu huu, na kuunga muhimili ni kuunda mahali pa kuvunjikia.

Abdulrazaq kauliza tunajenga msikiti au nini. Alipoambiwa boti akasema basi ghala limepata safari.

Jumanne, 24 Januari
Mvule umefika kwa maji ya jioni. Bwanaheri kauzunguka. Kaugonga kwa ukucha. Kasema: huu mti. Kutoka kwake ni sifa kubwa.

Mihimili ya zamani imeshatolewa. Tope jeusi, linanuka. Boti tupu inatisha. Nilisukuma ubavu kwa mkono mmoja, ukaingia ndani.

Alhamisi, 26 Januari
Harufu ilinipokea kabla sijafika penye boti. Sifa. Mafuta ya ini la papa. Huku kila chombo cha mbao hupakwa, ndani na nje, ili kisipasuke kwa jua.

Azan alikwenda Nyamisati jana kuchukua gundi. Bwanaheri alibaki na mvule uliokwisha kuchongwa na kukatwa kwa kipimo, umelala juani. Alifanya ambalo fundi yeyote wa hapa angefanya, na ambalo angelaumiwa asingefanya. Aliupaka sifa. Mipako miwili mizito, mihimili yote minne, pande zote.

Azan kateremka mtumbwini, kasimama. Kauliza kwa upole: mzee, umepaka yote? Bwanaheri, kwa fahari: yote, hata ncha. Azan kakaa chini juu ya debe la gundi.

Gundi ya faiba haishiki penye mafuta. Azan hakumwambia, kwa sababu haikumjia kwamba mtu angepaka. Bwanaheri hakuuliza, kwa sababu haikumjia kwamba mtu asingepaka. Nimewasikiliza wote wawili na sioni mwongo kati yao.

Mwantum aliposikia kauliza jambo moja tu: mvule mwingine? Hakuna. Abdulrazaq aliuza zilizobaki siku ileile.

Jumamosi, 28 Januari
Majaribio. Wazo la Azan, lakini Bwanaheri ndiye aliyechonga vipande vitatu kutoka masalio yaliyopakwa. Kimoja kiliachwa kilivyo. Cha pili kilipigwa randa. Cha tatu kilipigwa randa, kikaoshwa kwa petroli, kikapigwa tena. Vyote vilibandikwa faiba jana, vikaachwa juani vikauke.

Leo nyundo. Cha kwanza kiliachia kama ganda la ndizi, nikabandua kwa kidole. Cha pili kiliachia nusu. Cha tatu kilishika ncha moja hadi faiba yenyewe ikachanika, ndivyo inavyotakiwa. Ncha ya pili iliachia safi. Tulikinusa pale kilipoachia. Papa.

Bwanaheri anasema ncha ya mti hunywa kuliko ubavu. Anajua alivyozinywesha.

Ushauri wake: gundi iwepo, na boliti zipite kutoka muhimili hadi nje ya boti. Faiba ikiachia, chuma kinashika. Azan hataki. Kila boliti ni tundu chini ya maji, na boti hii iliozeshwa na matundu. Bwanaheri: tundu ninalolijua ni bora kuliko gundi nisiyoijua. Azan: mzee, gundi unaijua, umeishinda.

Hapo hata Bwanaheri alicheka. Lakini hawakukubaliana. Azan kaanza kubandika bila boliti, kila mahali kwa namna ya kile kipande cha tatu.

Jumapili, 29 Januari
Mihimili imelala mahali pake, imefunikwa. Kwa jicho ni kazi nzuri. Ubavu nimeusukuma tena, hauingii. Azan anasema ncha kazipunguza hadi harufu ilipokwisha. Nimemuuliza kama ana hakika. Kasema ana hakika na asilimia kubwa. Nimeiandika kama alivyosema.

Mwantum kaita watu wote uani baada ya magharibi. Bamvua, maji makuu, ni Jumanne, maji ya jioni yatafika penye boti. Yakipita hayo, chombo hakiguswi na maji hadi katikati ya Ramadhani, na siku za Salwa zitakuwa zimefika. Kauliza: boti iko tayari kumbeba mwanangu?

Azan kasema iko. Bwanaheri kasema ingekuwa na boliti, iko.

Salwa ndiye aliyeamua. Kasema anaondoka kesho kwa mtumbwi wa jirani, Doto, maji ya alfajiri, wakati mto umejaa. Atakaa Kibiti kwa mjomba Tahiri hadi ajifungue. Mjomba ni mimi. Mke wangu hajui. Boti, kasema, ije kunichukua nikiwa na mtoto, ikiwa ingalipo.

Nilidhani Mwantum atakataa. Kisha kasema anafuatana naye. Kawageukia mafundi: nyie wawili mtaileta boti Nyamisati Jumanne, mmekaa ndani, na magunia ya mchanga mahali pa abiria. Nitakuwa gatini. Mkifika, ni nzuri. Msipofika nitajua.

Bwanaheri kamtazama Azan. Azan alitazama mikono yake, ina gundi hadi kwenye viwiko. Kisha akamwomba Bwanaheri amwazime keekee.

Wanaanza kutoboa matundu ya boliti kesho, mtumbwi ukishaondoka. Boti inashushwa Jumanne, saa kumi na moja jioni.