Macho ya Bibi Kabula

Jumanne, Shinyanga

Ningeyapaka macho yale rangi nyeusi tu, nani angenilaumu?

Nembo ya video niliyokitengenezea kikundi chetu cha ngoma ni ya sekunde sita. Ngoma inalia, uso wa Bibi Kabula, mpigaji wetu mkongwe, unatokea gizani, anafumbua macho, kisha jina la kikundi linajiandika chini. Macho niliyapaka wekundu unaowaka kama kaa la moto. Nilijiona fundi kweli! Asubuhi katibu akairusha kwenye magrupu ya simu kabla bibi mwenyewe hajaiona.

Mchana nikaenda kumwonyesha. Aliitazama mara mbili, hakucheka.

"Nani mwingine ameiona?"

"Watu wengi, bibi. Wameipenda."

Akanirudishia simu. "Mjukuu wangu, miaka yote napikia mavi ya ng'ombe, moshi umeniharibu macho, yamekuwa mekundu. Dada yangu kule Ushetu naye yalikuwa hivihivi. Wakasema mchawi, wakamfuata jikoni na mapanga. Leo wewe umeyawasha yangu yaonekane kote."

Habari hizo nilizijua. Nani hapa asiyezijua? Mimi nilikuwa nawaza rangi tu.

Nimeibadilisha, nimetuma upya, nimewaomba wafute ya kwanza. Wengine wamejibu kwa kidole gumba, basi.

Lakini ile nyekundu nimeikuta sasa hivi kwenye grupu la wachimbaji wa Geita. Chini yake mtu nisiyemjua ameuliza, bila hata salamu:

"Huyu bibi anaishi wapi?"