Pete Kwenye Kopo la Wembe

Jumapili, 15 Januari 2006

Muriel Catt, tumepakana ukuta mmoja na hujakanyaga jikoni kwangu tangu kabla ya Krismasi. Kwani nina upele? Usoni siwezi kukuambia, basi nakusema humu daftarini, kwa hizi herufi nilizofundishwa uzeeni na mjukuu.

Leo jioni, hatimaye, Muriel kaja. Ile tamthilia ya mpelelezi wa wakati wa vita imerudi kwenye runinga. Chai, biskuti, blanketi moja magotini. Safari hii mhalifu ni mwokoaji. Anachimbua watu kwenye nyumba zilizopigwa mabomu, kisha anapekua mifuko ya maiti na kuwavua saa. Mpelelezi mwenyewe alikuwa na uso wa msiba. Akamkamata hata hivyo.

Nikasema, safi, afungwe.

Muriel akaweka kikombe chini. "Usiku kucha anatoa watoto wa watu motoni, Hettie. Saa ya marehemu ni kitu gani?"

"Ni ya marehemu."

Akatoka kwa mlango wa mbele. Mtaa huu majirani tunapita mlango wa jikoni; wa mbele ni wa polisi na jeneza.

Jumatano, 18 Januari

Karudi — mlango wa mbele tena, na hodi juu yake, kama mgeni. Ana kopo la wembe la marehemu baba yake. Ndani, pete ya jiwe la buluu. Aliikuta mzee alipokufa, akaificha miaka yote.

"Ni ya mama yako?" akaniuliza.

Baba yake ndiye aliyenitoa kifusini nikiwa mtoto, wakati wa vita, nyumba yetu ilipopigwa bomu. Giza, vumbi mdomoni, na mikono yake tu — usilale binti, niambie paka wako anaitwa nani. Asubuhi nikapelekwa kwa shangazi, sikumwona tena. Ni Muriel, alipohamia hapa, aliyenisimulia jinsi babake alivyomwokoa binti mwenye paka. Tukalia, tukawa ndugu.

Mama alikuwa kando yangu kifusini. Hakutoka hai. Pete yake haikuonekana. Tukasema imeungua.

Jiwe lina ufa. Mama aliligonga kwenye mashine ya kukamulia nguo, nikalia mimi kuliko yeye.

"Sema, Hettie. Ukisema ndiyo, baba sina tena."

Nami nikafanya nini? Nikabandika birika. Ndivyo tulivyo huku, mtu anavunjika moyo mbele yako, unamuuliza sukari. Maji yalipochemka, hayupo. Pete mezani.

Jumapili, 22 Januari

Tamthilia imeanza. Muziki nausikia mara mbili — kwangu, na ukutani kwake. Anatazama peke yake, mpumbavu yule, na kifua chake kibovu, chumba baridi.

Pete haipiti kifundo cha kidole changu. Nimejaribu kwa sabuni. Nimejaribu pia kumchukia yule mzee. Kila nikianza, ananiuliza jina la paka.

Jumapili ijayo pita jikoni, Muriel, sitafunga. Biskuti acha. Lete picha ya baba yako. Mikono yake naijua, uso siujui. Nataka nimtazame kwanza, ndipo nikujibu.